Mwaka Walioniita Mtu Mzima

Kikombe cha uji nilichomrushia afisa ustawi wa jamii hakikumpata. Kilipiga ukuta nyuma ya kichwa chake, uji ukamtapakaa begani na kwenye mtandio, na chumba kizima kikanigeukia. Hata mwanangu Nasra, aliyekuwa analia mapajani kwangu, aliacha kulia akanitazama. Kilikuwa kikombe cha plastiki na uji wenyewe ulikuwa umeshapoa. Nasema mapema kwa sababu watu wakisikia nilimrushia mtu uji hudhani nilimuunguza. Sikumuunguza. Yule mama alikuwa amekuja kwenye mahabusu ya wanawake, akakaa kwenye benchi, akafungua mkoba wake, akaanza kuniuliza kwa upole kabisa. Mtoto anakula nini? Mtoto analala wapi? Mtoto amemaliza chanjo? Mtoto anaharisha? Nikawa najibu kama mwanafunzi aliyesimamishwa darasani. Mwishoni akasema, huku anaangalia karatasi zake, kwamba kwa kuzingatia maslahi ya mtoto itabidi Nasra atolewe pale, apelekwe kwenye makao mpaka kesi yangu iishe, maana gereza si mahali pa mtoto. Ndipo nikarusha. "Mtoto yupi?" nilimfokea. "Unamsema mtoto yupi? Mimi mbona hujaniuliza nimekula nini? Mimi nina miaka kumi na saba! Mimi ni mtoto wa nani, wa mbuzi?" Askari magereza wa zamu akaja mbio, akanishika mkono. Yule mama ustawi akainua kiganja kumzuia. Uji ulikuwa unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu aingie, akauliza, "Umesema una miaka mingapi?"

Mwaka huu tumemzika mama mdogo, na msibani ndipo mambo haya yote yalipofukuliwa. Turubai lilifungwa kwenye uchochoro wetu kule Mchikichini, mikeka ikatandikwa, wanawake wakakaa, na baada ya kumlilia wakaanza kumsifia. Mama Tabu, jirani yetu wa miaka yote, ambaye sasa hata kusimama anasimamishwa, alipiga goti lake kwa kofi akasema, "Yule mwanamke alikuwa simba jamani! Mnakumbuka alivyowavaa polisi siku ile ya Somoe? Alisimama mbele ya kaunta akamtetea mwanawe kama wakili." Wote wakaitikia, ndiyo, ndiyo, alikuwa simba. Mimi, Somoe mwenyewe, nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Nikaenda uani kuosha vile vikombe, nikavisugua mpaka kimoja kikavunjika mkononi. Nasra, ambaye sasa ni msichana mrefu wa shule ya msingi, alinifuata akasimama kwenye kizingiti. "Mama, eti mimi niliwahi kufungwa?" Nikamwambia aende akacheze. Sikujua nimjibu nini, na mpaka naandika hapa sina hakika. Kwa sababu ni kweli mama mdogo alisimama mbele ya kaunta kama simba. Ni kweli alinitetea. Na maneno aliyonitetea nayo ndiyo yaliyonifunga.

Wakati huo tulikuwa tunakaa watatu kwenye chumba kimoja cha nyumba ya kupanga, ile ya ukumbi mrefu katikati na milango inayotazamana, na kila mlango una jiko la mkaa pembeni. Mama mdogo alikuwa anauza nguo za watoto za mitumba, kwa hiyo chumba chetu kilikuwa na harufu ya marobota, ile harufu ya dawa na vumbi ambayo ukiizoea huisikii tena mpaka mgeni azibe pua. Kitanda kimoja, chandarua kimoja, Nasra katikati. Asubuhi tulikunywa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, na kupitia ukutani tulimsikia Mama Tabu akimgombeza mkwewe kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetaka asikike na asionekane anataka. Mambo ya ukoo wetu kule Lindi na jinsi nilivyofika Dar siyaandiki hapa. Shule niliiacha kidato cha tatu, mimba ndiyo iliyonitoa. Kidato cha nne nimekuja kukimaliza ukubwani kwa kusoma jioni. Baba wa mtoto naye simwandiki, hastahili wino.

Ninachotaka kieleweke ni jina. Tangu nilipotoka hospitali na kichanga, hakuna aliyeniita Somoe tena. Nilikuwa Mama Nasra. Wiki chache nyuma mtaa mzima ulikuwa unanisema, yule mtoto kaharibika, yule mtoto kamtia aibu mama yake mdogo, na ghafla, kwa sababu tumbo limetoka na mtoto yuko mkononi, nikawa mtu. Mama Tabu mwenye wajukuu alianza kuniita "mama mwenzangu". Vijana wa mikokoteni, walionizidi umri na waliokuwa wananipigia mluzi, sasa walinipisha njia. "Shikamoo mama," mmoja aliniambia, ndevu zimemjaa. Nikaitikia "marahaba" na kicheko kikanitoka. Sitaki kusema uongo: nilipenda. Kwa msichana aliyeambiwa ameharibika, kuitwa mama ilikuwa kama kupewa nguo safi. Sikujua kwamba ukivaa nguo ile, ile ya zamani wanaichoma.

Kazi niliipata kwa sababu ya jina hilohilo. Kariakoo kulikuwa na duka la vitenge vya jumla la Mchaga mmoja tuliyemwita Mangi, kama Wachaga wote wenye maduka wanavyoitwa. Siku niliyokwenda kuomba kazi, Nasra mgongoni, kulikuwa na wasichana wengine wamepanga foleni, wamejipodoa. Mangi akawapita wote, akaja kwangu. "Wewe una mtoto?" Nikasema huyu hapa. "Mumeo yuko wapi?" Nikasema hayupo. "Safi. Wasichana nimechoka nao. Leo yupo, kesho kapata bwana, keshokutwa duka halina mtu. Mwenye mtoto ana akili, hana pa kwenda." Hivyo nikaajiriwa, na hakuna aliyeniuliza umri. Nasra alikuwa analala kwenye boksi la vitenge chini ya kaunta, juu ya mabaki ya majora, na wateja kutoka mikoani walikuwa wanamchungulia na kumwachia biskuti. Mchana Mama Glori, mke wa Mangi, alileta hotpoti la ndizi na nyama, tukala wote, mimi na yeye na Mangi na Eli, mdogo wake Mangi, aliyekuwa kijana wa ishirini na kitu na kazi yake kubwa ilikuwa simu.

Desemba ilipofika, Wachaga wakaanza kupanda kwao. Wanaokaa Kariakoo wanajua: wiki ile ya Krismasi nusu ya maduka yanafungwa, mji unapumua. Mangi hakutaka kufunga kwa sababu watu wa vijijini walikuwa bado wananunua. Akanikabidhi funguo mbele ya Eli. "Mama Nasra, wewe ndiye mkubwa hapa. Huyu bado mtoto, usimwachie kitu." Eli akakenua, akasema, "Kaka, mimi nina ndevu." Mangi akajibu, "Mbuzi naye anazo." Tukacheka wote, hata Eli. Ninapoukumbuka mchana ule huwa nataka kuusimamisha, nimwambie Mangi asubiri, nimuulize: unampa nani funguo? Mwenye ishirini na kitu ni mtoto, mwenye kumi na saba ni mtu mzima, hesabu hiyo umeipigia wapi? Lakini wakati ule niliona sawa kabisa. Nilizifunga zile funguo kwenye pindo la khanga yangu nikajiona nimefika.

Mangi aliporudi Januari, stoo ilikuwa na pengo. Marobota ya vitenge vya nta yalikuwa hayapo, na Eli alikuwa na jibu tayari. "Muulize mama yako huyo. Funguo alikuwa nazo nani?" Kila jioni nilikuwa nafunga, kila asubuhi nafungua, na kati ya hapo sikujua kama kulikuwa na funguo nyingine. Mangi hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alikaa kwenye kiti chake cha plastiki akasema kwa huzuni, "Hata wewe, Mama Nasra? Mtu mzima kama wewe?" Askari walinichukua kutoka palepale kaunta, Nasra mgongoni, na wapagazi wa mtaa ule wakaacha mizigo yao kutazama. Mmoja akasema, "Mama wa watu jamani, mwacheni anyonyeshe kwanza." Mwingine akajibu, "Ndiyo hawahawa, anajifanya mama kumbe jambazi."

Kituoni, koplo aliyekuwa anaandika alikuwa na mwandiko mzuri. Hilo ndilo ninalolikumbuka, na sijui kwa nini. Akaniuliza jina, nikamwambia. Akaniuliza umri. "Kumi na saba," nikasema. Akainua kalamu. "Na huyo mgongoni nani, mdogo wako?" Nikasema ni mwanangu. Akacheka, akamgeukia mwenzake. "Unamsikia? Ana mtoto, ana kazi, ana funguo za duka la watu, halafu ana kumi na saba. Mkikamatwa wote mnakuwa watoto." Nikarudia. Akaacha pale pa umri wazi, akasema tutaona ndugu zako watasemaje. Hapo alinitia moyo. Nilijiambia mama mdogo akifika atasema, na yakishasemwa na mtu mzima yatasikika.

Mama mdogo akafika. Alikuwa amevaa baibui lake la sikukuu, ameongozana na mjumbe wa mtaa na Mama Tabu. Alimwamkia yule koplo shikamoo, mtu ambaye angeweza kumzaa. Kisha akaegemea kaunta kwa mikono miwili. "Afande, naomba unisikilize. Huyu unayemwona hapa si kitoto cha kuokoteza barabarani. Huyu ni mtu mzima, mama wa watu. Ana mtoto wake, anajilisha, na mimi ananilisha. Hana utoto hata kidogo. Ukimwachia leo, kesho ukimtaka utamkuta, hawezi kukimbia, atamkimbilia nani na mtoto mgongoni?" Mjumbe akadakia, "Ni kweli afande, mtaani kwetu Mama Nasra ni mtu mzima na heshima zake." Mama Tabu naye hakubaki nyuma: "Mimi na uzee wangu huu nampa heshima yake." Nilikuwa nimekaa sakafuni karibu na miguu ya mama mdogo. Nikamvuta baibui. "Mama mdogo, mwambie miaka yangu." Akanipiga kofi dogo la begani bila kuniangalia. "Nyamaza, watu wazima wanaongea."

Koplo akatabasamu. "Mama, ahsante sana. Umenisaidia." Akaandika.

Nimeizungusha asubuhi ile kichwani kwa miaka yote hii na bado haikai sawa. Mama mdogo hakuwa mjinga. Alikuwa anajua kuzungumza na watu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Alikuwa anamuuzia mteja soksi zisizolingana na mteja akamshukuru. Kwa akili yake, na kwa akili ya mtaa wetu, anayeaminiwa ni mtu mzima. Mtoto nani atamdhamini? Mtoto neno lake ni la nani? Ukitaka mtu aheshimiwe, unampandisha. Basi wakanipandisha, wote watatu, kila mmoja kwa nguvu zake, na kadiri walivyonipandisha ndivyo nilivyozidi kuzama. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba kama wangesema tu "ni mtoto", sheria ilitaka nikabidhiwe mama mdogo mwenyewe niende naye nyumbani. Ila yule koplo alijua. Au hakujua? Hapo ndipo ninapopotea. Kuna siku nina hakika alijua akafurahi kupunguziwa kazi. Kuna siku naona na yeye ni mtu wa mtaani tu kama sisi, aliona mtoto mgongoni akaona mama, basi. Na siku hizo hasira zangu hukosa pa kukaa, zinarudi zinanikalia mimi.

Mahakamani nilisema tena. Hakimu akauliza kama nina uthibitisho, na mwendesha mashtaka akasimama akasema kwamba ndugu wa mshtakiwa wenyewe, pamoja na kiongozi wa mtaa, walithibitisha kituoni kuwa ni mtu mzima. Dhamana ilitaka watu wenye mali, na mama mdogo mali yake ilikuwa meza ya soksi. Nikapelekwa mahabusu ya wanawake, mimi na Nasra kwenye karandinga moja na wanawake wa kesi za bangi na za kupigana. Kule ndani mambo yakazidi kunichanganya, maana kule kuitwa mama kulikuwa na faida. Wenye watoto walipewa godoro. Walipewa maji ya moto na uji wa asubuhi kabla ya wengine. Mnyapara wetu, mwanamke mpana tuliyemwita Mama Doto, alinipangia sehemu ya ukutani, mbali na mlango, na ugali ulipokuja alinichotea maharage ya chini yaliyo mazito. "Kula, unanyonyesha." Nilikula. Wanawake walipokezana Nasra kama mpira, wakamfundisha kupiga makofi, wakagombana nani ambebe. Alijifunza kusimama kwa kushika magoti ya watu waliokuwa wanashtakiwa makosa ambayo sikuthubutu kuyauliza.

Mchana mmoja wa jua tulikuwa tunaanika nepi, nikamwambia Mama Doto ukweli wa umri wangu. Aliacha kukamua. "Kumi na saba kweli?" Kweli. Akaangalia huku na huku. "Sikiliza we mtoto. Hayo maneno yameze. Hapa wewe ni mama, una godoro, una mwanao. Wakikupeleka kwenye mahabusu ya watoto, huko hakuna mama na mwana. Wewe watakuweka na wenzio, huyu watampeleka makao, utakuja kumwona anamwita mtu mwingine mama." Mwanamke mwingine aliyekuwa anafua akapinga. "Si kweli, mdogo wangu alipelekwa huko, wanasoma na wanapewa chai na mkate." Mama Doto akamuuliza, "Mdogo wako alikuwa na mtoto?" Hakuwa naye. "Basi nyamaza." Sikujua nimwamini nani. Hakuna aliyejua, na aliyejua hakuwa mle ndani. Basi nikanyamaza. Kila tulipopelekwa mahakamani kesi iliahirishwa, na mimi, niliyekuwa nimeusema umri wangu kwa kila aliyevaa sare, nikaacha kuusema. Nilikuwa nimekubali kuwa mtu mzima, mradi niachiwe Nasra.

Kwa hiyo sasa mnaelewa uji. Yule mama ustawi hakuja kwa ajili yangu. Kazi yake ilikuwa watoto, na alikuwa amesikia gerezani kuna mtoto. Alipita mlango ule akaniona mimi, kitoto chenye chunusi na kilemba cha khanga, akanipita kwa macho akaenda kwa Nasra. Nilikuwa nimemeza utoto wangu ili wasininyang'anye mwanangu, na sasa walikuwa wanakuja kumchukua kwa sababu mimi ni mtu mzima mbaya. Nikiwa mtoto, wanamchukua. Nikiwa mtu mzima, wanamchukua. Kulikuwa na nini tena cha kuvumilia?

"Kumi na saba," nilimjibu aliponiuliza nina miaka mingapi. "Nani anajua hilo?" akauliza. "Mimi najua! Nilikuwepo!" Hapo alicheka kidogo, nadhani bila kukusudia, akajifuta uji kwa karatasi. Kisha akauliza shule yangu ya msingi, mwaka niliomaliza, mwalimu anayenikumbuka. Alipoondoka Mama Doto alinisonya. "Umeshamuuza mwanao kwa kikombe cha uji." Nilimlaza Nasra kifuani na sikumweka chini mpaka kesho yake. Kila mlango wa chuma uliofunguliwa nilidhani ni wao. Nilimwambia Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika.

Alirudi mvua za masika zikiwa zimeanza, viatu vimejaa tope, akiwa na neno la mwalimu wangu na amri ya kunihamishia mahakama ya watoto. Nikamuuliza swali moja tu: Nasra? Akasema, "Wewe na mwanao mnaenda pamoja. Mtoto na mtoto." Sikuamini mpaka tulipokaa wote wawili mahakamani. Kilikuwa chumba cha kawaida, meza moja, askari hana sare, hakimu amekaa usawa wetu. Mama mdogo aliambiwa akae kando yangu. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo. Akaniambia, "Mwanangu, unaelewa kwa nini uko hapa?" Mwanangu. Kwa zaidi ya mwaka nilikuwa sijaitwa mwana wa mtu. Nilipaswa kufurahi, na badala yake nililia kwa hasira, nikakataa kujibu, mpaka Nasra akaanza kunipangusa uso kwa kiganja chake. Tukakabidhiwa kwa mama mdogo sisi wawili kama mizigo miwili ya mtu mmoja. Baadaye kesi iliondolewa kabisa: Mama Glori alikuta vile vitenge vya nta kwa mteja wao wa Morogoro, na mteja akasema aliyemuuzia ni Eli. Mangi alikuja mpaka ukumbini kwetu, kofia mkononi. "Mama Nasra, rudi kazini. Nitakuongezea." Nikamwambia Mama Nasra amehama. Akamtazama mama mdogo, hajaelewa. Mama mdogo naye hakuelewa.

Watu walisema imekwisha, mshukuru Mungu. Kwangu ilikuwa haijaisha. Nilikwenda mwenyewe ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi, Nasra mgongoni, nikapanga foleni. Bwana wa dirishani alinisikiliza vizuri mpaka aliponiuliza umri. Nikamwambia. "Basi wewe bado mtoto," akasema. "Mtoto haleti malalamiko peke yake, rudi na mzazi au mlezi." Nikageuka kuonyesha mgongo wangu, nikamwambia, "Na huyu unamwona?" "Namwona, mzuri. Lakini sheria ni sheria." Nilitoka pale nikatembea mpaka viwanja vya Mnazi Mmoja, nikakaa kwenye nyasi nikacheka peke yangu hadi mama mmoja anayepita akanihurumia akanipa maji.

Jioni nilimwambia mama mdogo nahitaji anisindikize. Alikuwa anapika mchicha wa nazi. Akapunguza moto, hakugeuka. "Ukienda kuwashtaki wale, watauliza nani alisema wewe ni mtu mzima." Nikakaa kizingitini. "Watasema ni mimi." Nikasema ndiyo. "Kwa hiyo ni mimi unayenishtaki." Nikamwambia hapana. "Sasa nani?" Nikamwambia nitaliacha jina lake nje, sitaandika kabisa aliyosema. Akakoroga mchicha. Akala. Alipomaliza, akanawa mikono, akasema, "Usiache. Ukiacha watakuita muongo, na muongo hatasikilizwa. Andika nilisema. Lakini andika na kwa nini." Asubuhi alivaa baibui lilelile. Bwana wa dirishani alipouliza mlalamikaji ni nani, mama mdogo akanisukuma mbele. "Ni huyu, mtoto wangu. Mimi nimemsindikiza tu." Kisha akakaa kwenye benchi, akampakata Nasra, na hakufungua mdomo tena mpaka nilipomaliza kuandika. Sikuwahi kuletewa jibu. Maneno niliyoandika siku ile ni haya.

Mimi, Somoe, mwenye miaka kumi na saba, naleta malalamiko juu ya askari aliyeniandikisha kituoni Januari mwaka huu. Aliniuliza umri, nikamjibu. Nikarudia, akanicheka kwa sababu nilikuwa nimembeba mwanangu. Kuwa na mtoto si umri. Hakumwita afisa ustawi wa jamii, hakunipeleka mahakama ya watoto, na nimekaa mahabusu na watu wazima mpaka mvua za masika kwa kosa ambalo sikulifanya. Mama yangu mdogo, ambaye amekaa hapa nyuma yangu ninapoandika, alimwambia askari huyo kuwa mimi ni mtu mzima. Alisema hivyo kwa namna tunavyoheshimiana mtaani, na alikuwa anaomba niachiwe. Nawaomba msimtumie yeye kunijibu. Kujua umri wangu haikuwa kazi yake, ilikuwa kazi ya aliyeshika kalamu. Sidai kulipwa. Nadai kwamba msichana mwingine akiletwa na mtoto mgongoni, akasema yeye ni mtoto, asichekwe, itafutwe kweli. Na wakati inatafutwa, alale wanakolala watoto, na mwanawe alale naye.